"Special school": barua moja ya maombi na msamiati wa vipaji, akili na bidii

Sentensi iliyonipa kisa hiki ilikuwa katikati ya aya ya pili ya barua ya maombi ya shahada ya uzamili. Ilisomeka hivi: "I was taken to a special school because I had many intelligences and I studied hardly."

Aliyeiandika ni mwalimu wa Kemia katika sekondari moja ya serikali mkoani Morogoro. Alipomaliza darasa la saba alikuwa wa kwanza wilayani kwao, akachaguliwa kwenda mojawapo ya shule za vipaji maalumu. Anayeijua Tanzania hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato, Tabora: taja jina moja kati ya hayo mbele ya mzazi wa rika langu uone atakavyokaa vizuri kitini. Mwalimu huyu alitaka msomaji wa ng'ambo naye aone alichokiona baba yake siku majina yalipobandikwa. Kwa Kiswahili alikuwa anasema: nilikwenda shule ya vipaji maalumu kwa kuwa nilikuwa na akili nyingi na nilisoma kwa bidii.

Msomaji wa Uingereza alisoma kitu kingine kabisa. Kule "special school" ni shule ya watoto wenye ulemavu au wenye mahitaji maalumu ya kujifunza. "Many intelligences" ni akili za aina nyingi, kana kwamba mtu amebeba tano au sita zilizo tofauti. Na "hardly" ni kielezi kinachokaribia kukanusha: anayesoma "hardly" ni kama hakusoma. Barua ikawa inasema: nilipelekwa shule ya wenye mahitaji maalumu, nilikuwa na akili za namna namna, na kusoma sikusoma.

Kabla barua haijanifikia, ilikuwa imepita kwa mtu mmoja wa Uingereza anayewasaidia waombaji kwa kujitolea. Alimjibu kwa upole mwingi. Alimuuliza kama angependa chuo kijulishwe mapema kuhusu msaada atakaohitaji darasani, na kama atahitaji muda wa nyongeza kwenye mitihani. Mwalimu hakulielewa swali. Alidhani anaulizwa hivyo kwa sababu ametoka Afrika. Alikaa na uchungu huo siku nne, kisha akanitumia barua na jibu lake, na ujumbe mfupi: "Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie kuelewa hapa wamenichukuliaje."

Nafundisha Kiingereza cha watu wazima jioni, Dar es Salaam, na barua za aina hii napokea nyingi. Nilifanya nilichozoea. Nilichukua kalamu nyekundu, nikabadili "many intelligences" kuwa "high intelligence", nikafuta herufi mbili za mwisho za "hardly", nikamrudishia. "Special school" sikuigusa. Kwetu ndivyo tunavyoziita shule zile tukisema Kiingereza, na jicho langu lilipita juu ya maneno hayo bila kukwama. Niliposoma tena jibu la yule Mwingereza ndipo nilipoelewa kwamba kosa kubwa kuliko yote nililiacha palepale, na kwamba nimetibu homa bila kutafuta ugonjwa.

Daftari la safu mbili

Likizo ya Juni alikuja Dar kwa dada yake, akapita kwangu na daftari lake la msamiati. Lilikuwa daftari la kazi kweli: mistari imepigwa kwa rula, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, kurasa kumi na moja. Alikuwa akikesha nalo baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi.

Nilimwomba afunike upande wa kushoto kwa karatasi tusome upande wa kulia peke yake. Akaanza kusoma kwa sauti: mwenye kipaji, mwenye kipaji, mwenye kipaji kikubwa, mtoto mwenye kipaji, kipaji, mwenye akili, mwenye akili, mwenye akili sana, mwenye akili. Akanyamaza. Upande uliofunikwa ulikuwa na "gifted", "talented", "genius", "prodigy", "aptitude", "bright", "clever", "brilliant", "intelligent". Maneno tisa ya Kiingereza yalikuwa yameingia katika vyumba viwili vya Kiswahili, na kila alipotaka kutoa moja alilitoa lililokuwa karibu na mlango.

Kuna la kumi ambalo lilistahili kutazamwa peke yake. Mbele ya "cunning" aliandika "mwerevu", na kwenye insha ya mazoezi akaandika kwamba taifa linahitaji walimu "cunning". Kamusi haikumdanganya. Mwerevu wa Kiswahili anaweza kuwa mtu wa kusifiwa na anaweza kuwa mtu wa kuogopwa. Sungura wa hadithi zetu ni vyote viwili, na tunampenda. Kiingereza cha leo kimeliachia "cunning" upande wa hila tu. Mwalimu "cunning" ni mwalimu ambaye mzazi angemwangalia mara mbili.

Nilimuuliza: katika maneno haya kumi, ni lipi linalosema uwezo umetoka wapi? Hakuwa amewahi kuyatazama hivyo. Wala mimi sikuwa nimewahi kuyafundisha hivyo. Kwa miaka mingi niliandika ubaoni kwamba "gifted" na "talented" ni kitu kimoja.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa, na ndicho ninachotaka walimu wenzangu wakione. Msamiati wa kitaaluma kuhusu akili na vipaji ni mabaki ya ubishi wa zaidi ya miaka mia moja na hamsini, na karibu kila neno limesimama upande fulani wa ubishi huo. Ukisema mtoto ni "gifted" umeshadai jambo kuhusu asili ya uwezo wake. Ukisema ni "high-achieving" umedai jambo jingine, dogo zaidi na rahisi kuthibitika. Anayekariri maneno bila ubishi wake atachagua upande bila kujua.

Aliyepewa, na aliyefanya biashara

Tulianzia nyumbani. Kipawa na kipaji vyote vimebeba kitenzi -pa. Mpaji ni Mungu, tunasema, na tunasema vilevile fulani amejaliwa: amejaliwa sauti, amejaliwa kichwa cha hesabu. Aliyejalia hatajwi, lakini kila msikilizaji anamjua. "Gift" ya Kiingereza imetoka kwenye kutoa vilevile, na "gifted" ni yule aliyepewa. Tofauti ni kwamba katika maandishi ya kitaaluma mtoaji ameondolewa, na kiti chake wamekikalia urithi na maumbile. Ndiyo maana "gifted" huandamana na "innate", yaani cha kuzaliwa nacho, na "endowed with", yaani aliyejaliwa.

"Talent" imepita njia nyingine, na hapa alichangamka, maana hadithi yake aliijua tangu shule ya Jumapili. Talanta ilikuwa kipimo cha uzito, na kwa hiyo kiasi kikubwa cha fedha. Katika Mathayo sura ya 25 bwana mmoja anawaachia watumwa watatu talanta tano, mbili na moja. Wawili wanafanya biashara nazo na kuzizidisha maradufu. Wa tatu anafukia yake ardhini, naye anakemewa. Ni kutokana na mfano huo neno lilipata maana ya uwezo katika Kiingereza. Biblia ya Kiswahili bado inasema talanta, kwa hiyo sisi tunaweza kuiona fedha iliyo ndani ya neno, wakati Mwingereza wa leo haioni.

Nilimsimulia mfano huo kwa sababu unamfungulia mtu mlango wa Françoys Gagné, mwanasaikolojia wa Quebec, ambaye tangu miaka ya 1980 ametetea mgawanyo ulio wazi kuliko wote ninaoujua. Kwake "giftedness" ni uwezo wa asili unaomweka mtu katika asilimia 10 ya juu ya rika lake, hata kama hajafundishwa kitu. "Talent" ni umahiri uliokwisha kujengwa, nao pia katika asilimia 10 ya juu, baada ya mafunzo ya muda mrefu. Katikati yake kuna mazingira, hamu ya mtu mwenyewe na bahati. Ndiyo maana kwa Gagné inawezekana kabisa kumtaja mtoto aliye "gifted" lakini anayefeli darasani, ilhali "talented" anayefeli katika jambo lilelile la talanta yake ni maneno yanayojipinga. Si wataalamu wote wanaomfuata. Joseph Renzulli wa Marekani alikwisha kupendekeza mwaka 1978 kwamba uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu na kujifunga kwenye kazi vikutane ndipo tuseme mtu ni "gifted". Lakini mwanafunzi akishaujua mgawanyo wa Gagné, hawezi tena kuyatumia maneno hayo mawili ovyo.

Nikamuuliza: shule yenu ilichagua nini, "gift" au "talent"?

Alifikiri kwa muda, chai ikapoa. "Alama," akasema. "Walichukua alama za darasa la saba."

Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko kurasa zote kumi na moja. Jina la shule kwa Kiswahili linasema vipaji, lakini mlangoni kilichosimama ni ufaulu wa mtihani wa taifa. Hakuna aliyewapima watoto wale uwezo wa asili, na mtoto mwenye kipawa aliyesomea shule isiyo na mwalimu wa hesabu hakufika mlangoni. Kwa hiyo hata tungeandika "a school for gifted children", ambayo ingeondoa kosa la "special school", tungekuwa tumeingiza dai ambalo yeye mwenyewe, akiulizwa, hawezi kulitetea. Neno sahihi lilikuwa jingine: "selective", yaani yenye kuchagua, na "highest-scoring", wenye alama za juu kabisa. Hayana mng'aro. Alikunja uso kidogo, kwa sababu ilionekana kama nimempunguzia sifa. Nikamwambia asubiri hadi mwisho wa aya.

Akili hazihesabiki, ila kwa mtu mmoja

Kosa la "many intelligences" limetoka moja kwa moja kwenye sarufi yetu. Akili kwa Kiswahili ni nyingi au chache, na umbo lake halibadiliki katika umoja wala wingi. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na hakuna aliyewahi kuona ajabu. Kiingereza kinaichukulia "intelligence" kama maji au joto: haina wingi, ina kimo. Ni "high", "superior", "average". Wingi wake una mahali pamoja panapojulikana sana, nadharia ya mwaka 1983 ya Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyedai kuna akili kadhaa zinazojitegemea, za lugha, za muziki, za mwili na nyingine. Kwa hiyo mtu akiandika "intelligences" msomaji msomi humchukulia kuwa anamfuata Gardner. Mwalimu wetu alikuwa ameingia katika mabishano ya wanasaikolojia kwa sababu ya ngeli.

Sikutaka aikariri kanuni hiyo bila historia yake, hasa kwa sababu "intelligence" ni neno lililowahi kutumika dhidi yetu. Mwaka 1869 Francis Galton, mwanasayansi Mwingereza, alichapisha hoja kwamba ukuu wa akili hurithiwa katika koo, akapanga na mataifa kwa ngazi, Waafrika wakiwa chini ya Wazungu. Ni yeye pia aliyeunda neno "eugenics" mwaka 1883. Jozi ya "nature" na "nurture", asili na malezi, ilienezwa naye. Alfred Binet, mwanasaikolojia Mfaransa, alikwenda njia nyingine. Yeye na Théodore Simon walitoa kipimo chao Paris mwaka 1905 ili kuwatambua watoto waliohitaji kusaidiwa shuleni, na mwaka 1909 Binet aliandika kuwapinga wanaodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka. William Stern, Mjerumani, akaleta mwaka 1912 wazo la kugawanya umri wa akili kwa umri wa kuzaliwa, ndipo ikaja IQ, yaani akili iliyoandikwa kwa namba moja. Kipimo kilichobuniwa kusaidia wanaobaki nyuma kikaishia, mikononi mwa wengine, kuwa rula ya kuwapanga watu.

Alinisikiliza, kisha akasema jambo ambalo nimeshawasimulia wanafunzi wengine wengi. "Mwalimu, hii ni kama kipimajoto. Kinaonyesha halijoto, hakionyeshi kiasi cha joto kilichomo. Kikombe na ndoo vinaweza kusoma nyuzi zilezile." Nikamwambia aandike hilo kwa Kiingereza, palepale. Aliandika aya nzima akitumia "measure", "indicate", "amount" na "capacity", maneno anayoyatumia kila siku maabara, bila kosa hata moja la msingi. Yalikuwa yake tangu zamani, daftarini hayakuwamo.

Nilimpa na kisa cha Lewis Terman, mwanasaikolojia wa Marekani, kwa sababu kinabeba "predict", "potential" na "achievement" katika hadithi moja. Kuanzia mwaka 1921 Terman alikusanya watoto wa California wapatao 1,500 wenye IQ za juu sana, akawafuatilia maisha yao yote. Wengi walifanya vizuri maishani. Lakini William Shockley na Luis Alvarez, waliopimwa wakiwa watoto wasifikie alama iliyotakiwa, walikuja kupata Nobeli ya Fizikia, mwaka 1956 na mwaka 1968. Katika wale waliochaguliwa hakuna aliyeipata. Ukitaka mtu asisahau kwamba "potential" inatazama mbele na "achievement" inatazama nyuma, msimulie hicho, kisha mwombe akirudie kwa Kiingereza bila karatasi. Mara ya kwanza alikwama mara sita. Mara ya tatu alikwama mara moja, kwenye kihusishi.

Vihusishi vinahitaji sentensi zake. Kwetu ni kipaji cha kuimba, uwezo wa kuhesabu, na kiunganishi -a kinabeba yote, kwa hiyo huandikwa "talent of singing", "ability of counting". Kiingereza kinasema "a talent for singing", "a gift for languages", "an aptitude for mathematics", lakini "the ability to count". Hapa sina hadithi ya kutoa. Ni kuyajifunza neno na kihusishi chake pamoja, kama mtu na kivuli chake, na kuyaandika hivyo daftarini tangu siku ya kwanza.

Msuli

"Studied hardly" nilidhani ni kosa dogo. Ndilo lililotuchukua siku mbili.

Sheria yenyewe ni fupi: "hard" ni kivumishi na ni kielezi vilevile, hakihitaji nyongeza. Alikuwa anaijua. Alikosea kwa sababu alikuwa amefundishwa kwamba kielezi kinaishia na "-ly", na neno lilipomjia kwa haraka, kanuni ya jumla ilishinda. Kadhalika "I put many efforts", iliyotoka kwenye kuweka juhudi. Kiingereza kinasema "make an effort", na katika maandishi ya kitaaluma "sustained effort", "considerable effort". Hayo yalirekebishika.

Kilichobaki ni hiki: alipotaka kueleza bidii yake, Kiingereza chake chote kilikuwa "hard work", "very hard work" na "too much hard work". Na ni mtu ambaye Kiswahili chake kina utajiri wa ajabu katika jambo hilo. Nilimwomba aniambie, kwa lugha ya bwenini, namna walivyosoma. Akasema walipiga msuli. Walikesha, walikariri, walikaza. Kulikuwa na vipanga, waliosoma kidogo wakafaulu sana, na kulikuwa na wa msuli, na vipanga waliheshimiwa zaidi. Yeye alikuwa wa msuli na alilificha jambo hilo, akisoma kwa tochi chini ya shuka ili asubuhi aonekane kipanga.

Mtu aliyeishi hivyo hahitaji kutafsiriwa "giftedness" na "effort". Anahitaji kupewa maneno ya kuendeleza fikra aliyokuwa nayo akiwa na miaka kumi na tano. Nilimweleza jaribio la Claudia Mueller na Carol Dweck lililochapishwa mwaka 1998: watoto waliosifiwa kwa akili baada ya zoezi la kwanza walikwepa mazoezi magumu na kuvunjika moyo walipokosa, kuliko waliosifiwa kwa juhudi, na karibu wanne katika kila kumi kati yao waliongopa alama zao walipotakiwa kuwaandikia watoto wasiowajua. Mafunzo ya kubadili mtazamo yaliyojengwa juu ya wazo hilo yamepimwa baadaye kwa upana zaidi, na athari zake zimeonekana kuwa ndogo kuliko zilivyosifiwa, na hilo pia nilimwambia, maana barua ya maombi si mahali pa kutangaza nadharia kwa shangwe. Alikuwa kimya. Kisha akasema kwamba darasani kwake anawaita watoto vipanga na vilaza, kwa utani, na watoto hucheka.

Halafu tukaingia kwa K. Anders Ericsson, mwanasaikolojia mzaliwa wa Sweden. Utafiti wake na wenzake wa mwaka 1993, uliowahusu wapiga fidla wa Berlin, ndio ulioitangaza "deliberate practice": mazoezi yaliyopangwa kuboresha udhaifu mahsusi, yenye lengo na marekebisho. Zile saa 10,000 zinazosemwa kila mahali zilikuwa wastani tu wa wapiga fidla bora walipofikia miaka 20, na Ericsson mwenyewe alipinga zilipogeuzwa kuwa kanuni. Saa peke yake hazikuwa hoja yake.

Mwalimu alilitazama daftari lake. Kurasa kumi na moja, usiku kwa usiku, na hakuna mahali hata pamoja palipoonyesha ni neno gani lilimkosesha wapi. "Hii ni msuli," akasema. Nilikubali. Tukaliweka kando.

Kilichofuata kilikuwa kidogo kwa wingi. Tulichagua maneno 18 tu. Sehemu kubwa hatukuyatoa kwenye mambo ya vipaji. Averil Coxhead wa New Zealand alitoa mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali, na humo "genius" na "prodigy" hazimo, lakini zimo "acquire", "achieve", "potential", "capacity", "inherent", "motivate", "attribute", "contribute", "persist". Hizi ndizo nguzo na kenchi. Alikuwa amenunua mapazia kabla ya kuezeka. Hasa "attribute" ilimsaidia: "I attribute my results to" inamlazimisha mwandishi aseme sababu, na kuisema kama maoni yake, si kama amri ya mbinguni. Insha zetu zina tabia ya kufunga hoja kwa methali. Penye nia pana njia, na msomaji wa Kiswahili ametosheka. Msomaji wa insha ya Kiingereza, kwa mfano msahihishaji wa IELTS, mtihani wa Kiingereza wa kimataifa, atauliza: kwa kiasi gani, kwa nani, na kwa ushahidi upi? Ndipo "to some extent" na "may contribute to" zinapofanya kazi yake.

Kila neno aliliandikia mambo matatu: sentensi moja ya maisha yake, neno linaloandamana nalo, na neno la jirani ambalo asilichanganye nalo. Mbele ya "inherent" aliandika jirani yake "inherited", na sentensi yake ilihusu asidi: ukali wake ni "inherent", hakuna aliyeurithisha.

Aya ya pili

Alirudi Morogoro na tukaendelea kwa simu. Rasimu ya nne ya aya ya pili ilianza hivi: "At the end of primary school I was selected, on the basis of my national examination results, for one of the few government boarding schools that admit the country's highest-scoring pupils. I attribute those results less to any inherent gift than to a teacher who kept his classroom open until dark."

Maana yake: nilichaguliwa, kwa matokeo ya mtihani wa taifa, kuingia mojawapo ya shule chache za bweni za serikali zinazopokea wanafunzi wenye alama za juu kabisa nchini, na matokeo hayo nayahusisha, zaidi ya kipawa chochote cha kuzaliwa nacho, na mwalimu aliyeacha darasa wazi hadi giza lilipoingia. Mwalimu huyo sikuwahi kumsikia kabla. Alikuwamo muda wote, amezibwa na "many intelligences".

Sifa aliyodhani nimempunguzia ilirudi ikiwa imeongezeka. "Highest-scoring" haibishaniwi, na msomaji wa ng'ambo sasa anajua ni nchi nzima ilishindanishwa.

Yapo tuliyoshindwa. "A" na "the" bado zinamsumbua, na rasimu ya nne ilikuwa na makosa saba ya aina hiyo, ambayo niliyarekebisha kwa kalamu kwa sababu tarehe ya mwisho ilikuwa karibu. Na kuna neno moja tuliloliacha likiwa limesimama. Alitaka kusema kwamba wanafunzi wake wa sasa wanajituma. "Hard-working" ilikosa kitu. "Diligent" ilimpa picha ya mtoto mtiifu, "motivated" ilimpa picha ya mtoto aliyesukumwa na kitu, na "self-motivated", iliyo karibu kuliko zote, alisema inasikika kama tangazo la kazi. Katika kujituma mtu ndiye anayetuma na ndiye anayetumwa kwa wakati mmoja, na hakuna aliye nyuma yake. Tuliligeuza kwa wiki nzima.

Mwishowe hakulitafsiri. Alieleza kwamba shule yao ina bureti mbili, mirija ya kupimia vimiminika, kwa wanafunzi zaidi ya arobaini, na kwamba Jumamosi wasichana wanne wa kidato cha tatu huja bila kuitwa, huosha vyombo vya maabara, kisha hurudia zoezi la Ijumaa hadi usomaji wao ufanane mara tatu mfululizo. Sentensi tatu, maneno mepesi. Aliituma barua hiyo Alhamisi usiku, umeme uliporudi.